Dagaa Ndani ya Spika ya Fundi Mafuru

Nichekeni mapema tumalize, maana mimi ndiye yule mtu wa Kamunyonge, pale Musoma, aliyemwaga dagaa kanisani Guta kwa kutumia spika, na wala mashine haikuwa na kosa, kosa ni la mikono yangu mwenyewe na bisibisi yangu mwenyewe.

Kwanza muijue karakana. Fundi Mafuru alianza kutengeneza spika miaka ile ya foleni ya sabuni, wakati redio ikikufia ilikuwa imekufa kweli, kipuri hakuna. Alinunua redio mbovu, akatoa sumaku, akasuka koili ya waya upya, akakata koni ya kutolea sauti kutoka karatasi ya mfuko wa saruji, na boksi akalipiga la mninga na kulisugua msasa mpaka unajiona uso. Kila spika aliijaribu kwa kumkalisha jirani yetu mbele ya kipaza sauti apige litungu, lile zeze la kwetu, na kama husikii kucha zikigusa nyuzi, spika inarudi mezani. Watu walitoka Bunda na Butiama kuja kuagiza, wakasubiri miezi bila kununa. Mimi nilikuwa msaidizi wake na mtunza daftari, kila spika ina ukurasa wake (napenda mambo yawe na mpangilio, na mtaona mpangilio huo ulivyonifikisha pabaya).

Halafu biashara ikafunguliwa, spika za nje zikaingia zinang'aa kama sufuria mpya, na wateja wakakatika. Wenzangu wawili wakaondoka. Fundi akasema wazi kwamba kwaya ya Guta isipochukua spika zetu, anafunga karakana na kurudi kulima mihogo.

Sasa Guta ndiko kwao Nyangeta, mchumba wangu, na mama yake nilikuwa sijawahi hata kumsalimia. Mtu wa Musoma unaendaje ukweni mikono mitupu? Nikanunua dagaa safi waliokaushwa juu ya mawe (si wale wa mchanga), mfuko mzima wa karatasi. Asubuhi ya safari Fundi akauona.

"Masatu, hizo dagaa zinaenda wapi?"

"Ukweni, Fundi."

"Haziendi. Leo hatubebi samaki, tunabeba kazi. Boksi likinuka, nani atalinunua?"

Nikasema sawa. Alipoingia ndani kuvaa koti, nikafungua mgongo wa spika ya kulia kati ya zile mbili tulizokuwa tunapeleka, nikatoa pamba yote (tunajazaga pamba inayotoka huko huko Guta ili sauti isigonge mbao na kurudi), nikaingiza mfuko, nikakaza skrubu. Nilijiona nina akili sana! Tukifika nitautoa mfuko kimyakimya na kuomba pamba kidogo kwa mtu yeyote, kwani ilikuwa msimu wa kuvuna na Guta nzima ilikuwa nyeupe.

Ila tulipofika, wanakwaya walikuwa wameshajipanga, wanaume wanne wakarukia pikapu wakabeba spika moja kwa moja hadi mbele ya madhabahu, na jenereta tayari inanguruma. Pembeni alisimama mfanyabiashara kijana kutoka Mwanza, naye kaleta spika zake za nje ili kwaya ichague, tabasamu mpaka masikioni. Fundi, ambaye hapendi kuongea, akanisukuma mbele. "Waeleze tulikotoka."

Jamani, niliongea! Nikaeleza redio mbovu, mifuko ya saruji, litungu, nikaona vichwa vinatikisika, nikapandwa na mori, nikapiga boksi la kulia kwa kiganja: "Na ndani ya hili hamna kitu kingine chochote ila pamba yenu wenyewe! Shamba lenu ndilo linaloimba!"

Vigelegele. Na hapo hapo, mkono ukiwa bado juu ya boksi, nikakumbuka.

Nikafungua mdomo niseme tusubiri, lakini mpiga gitaa la besi alishachomeka waya. Mlio wa kwanza, spika ikakwaruza. Wa pili, kwenye lile tundu la chini la kupumulia akachungulia dagaa mmoja. Wa tatu, akaruka, akatua juu ya kiatu cha mchungaji. Kumbe mfuko umepasuka njiani! Kila besi ikigonga, boksi linatema dagaa na vumbi lake, na harufu ikajaa kanisa zima.

"Hii spika au mboga?" akauliza yule wa Mwanza.

"Mpiga besi, usiache," mama mmoja wa sauti ya pili akapaza, "bado hazijatosha sufuria!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Fundi hakucheka. Akachukua bisibisi, akafungua boksi mbele ya wote, akatoa mfuko uliochanika, na kwa kuwa mimi ni mtu wa mpangilio, ulikuwa na maandishi. Akasoma kwa sauti: "Mama Nyangeta, Guta. Kutoka kwa Masatu."

Kisha kwenye benchi la tatu mwanamke mrefu akasimama. "Mama Nyangeta ni mimi."

Sikujua nitazame wapi, mkwe hatazamwi usoni. Akanipita, akachungulia ndani ya boksi, akapitisha kidole kwenye viungo vya mbao. "Kazi nzuri. Pamba ndiyo haipo?"

"Haipo, Mama," nikajibu nikitazama sakafu.

Akatoka, akarudi na kapu la pamba kutoka kwake, mbichi na mbegu zake. Kwaya nzima ikakaa chini kuchambua mbegu, huku Fundi akifuta boksi na kuwaonyesha koili, sumaku, kila kona. Pamba ikajazwa, skrubu zikakazwa, besi ikapigwa tena. Safari hii sakafu ilitetemeka na hakuna kilichokwaruza! Fundi akafumba macho.

Mchungaji akamgeukia yule wa Mwanza. "Zako nzuri, mwanangu. Ila hizi tumeziona mpaka utumbo."

Walichukua zote mbili na kuagiza nyingine nne. Mama Nyangeta aliokota dagaa wake mmoja mmoja, akawafunga kwenye khanga, na mlangoni akasema bila kunitazama, "Siku nyingine, leta kwa mkono."

Kwenye pikapu, tukiingia Musoma, Fundi akaniambia, "Si wewe unaandikaga historia ya spika zetu? Basi hii nayo iandike, yote."

Nikaiandika, ukurasa wa spika ile, mstari kwa mstari. Na tangu siku hiyo hakuna boksi linalotoka kwetu kabla sijazamisha mkono ndani mpaka begani, Fundi akiwa amesimama pale, na kutamka kwa sauti: "Pamba tu."