Chaki ya Mwalimu Aliyekimbia

Nilipaswa kuikataa ile chaki. Mkuu wa shule alinikuta nyumbani, akasema mwalimu wa kemia amekimbilia Butembo, na mimi, mwenye diploma ya sekondari, mchepuo wa biokemia, ndiye mtu aliyebaki. Nilikuwa nimeuza sabuni miaka mingi. Katika kemia nilikumbuka hasa harufu ya maabara. Lakini aliniita Profesa, tena mbele ya mke wangu. Nikapokea.

Madarasa yalijaa wakimbizi wa vita, hivyo tulifundishia uwanjani, ubao umeegemezwa ukuta wa mawe ya volkano. Binti yangu alikuwa mwanafunzi hapo. Alitaka udaktari, na alama za kemia ndizo zilizoamua nani ataingia mchepuo wa biokemia na nani ataelekezwa ushonaji.

Nilianza na mazuku, gesi ile inayotoka ardhini kwetu na kuua mbuzi mabondeni. Kaboni moja, oksijeni mbili. Kabla ya kuchora vidoti vya elektroni, sharti uchague atomu ya kukaa katikati. Kanuni nilikuwa nimeisahau, nikatunga yangu.

"Mjini hapa nani hukaa katikati?"

"Mwenye nguvu!" wakajibu. Walikuwa wameshaona majeshi yakipokezana ofisi ileile.

"Basi." Oksijeni ndiyo inayovuta elektroni kwa nguvu zaidi, nikaiweka katikati.

Binti yangu akasimama. "Papa, kitabu inasema ile yenye haivute sana njo inakaa katikati. Ni kaboni."

"Kitabu kiliandikwa na watu wasiojua vita."

"Ikala chini, mama daktari!" mwenzake mmoja akapaza sauti. "Uliona wapi chefu, mukubwa wa watu, anakaa pembeni?"

Walicheka wote. Mimi nilicheka kuwapita.

Jioni nilifungua kitabu chake. Alikuwa sahihi: anayevuta kidogo ndiye anayewekwa katikati, ila hidrojeni, ambayo haiwezi kushika wawili. Nilikirudisha kimya kimya pale nilipokitoa.

Mtihani ulipofika, kwa kuwa sikujua mengine, ulikuwa wote wa kuchora molekuli. Binti yangu peke yake ndiye aliyechora kama kitabu. Kumpa alama kungekuwa kukiri kosa langu mbele ya darasa zima. Nikamwandikia sifuri, nikajisifu kuwa mwadilifu asiyependelea mtoto wake.

Mwalimu aliporudi kutoka Butembo, aliuliza yule msichana mwerevu yuko wapi. Nikamwambia amependa cherehani.

Cherehani hiyo iko mtaani Birere hadi leo, na wateja hawakosi. Kifua kikinibana, yeye ndiye hunipeleka hospitali, na humweleza daktari ugonjwa wangu vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Ananisalimu kwa heshima, ananiletea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Swali hajaniuliza tena, hata moja. Uprofesa wangu wa muhula mmoja ulimnyima yeye udaktari, na ukaninyima mimi mtoto aliyekuwa akisimama na kuniambia, "Papa, hapana."