Keki ya Sukari ya Kuunguza

Hadi leo, sukari ikianza kugeuka rangi sufuriani, namwona mama kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, kanga begani, mikono ameificha kwapani.

Siku ile nilikuwa naoka keki; kesho yake ningepokea komunio ya kwanza.

"Koroga. Ikifika rangi ya kahawa, mimina maziwa."

Sukari ikachemka, ikanirukia mkononi. Nililia, naye hakuinuka. Nilipalia makaa juu ya mfuniko peke yangu, nikapaka ile sukari katikati ya keki mbili, nikazipandanisha zikakaa upande. Nilimchukia. Tangu akonde na kutoka vidonda alikuwa bado anafua, bado anakata majani ya ng'ombe. Keki tu ndiyo imemshinda?

Baada ya misa wageni walijaa sebuleni. Walikula ndizi zilizopikwa na jirani, ila keki hakuna aliyeigusa. Walikuwa wakimtazama mama vidole. Akasimama, ameshikilia kiti.

"Karibuni keki. Ameoka mtoto peke yake. Mimi sijaigusa."

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mama mdogo, dada yake wa damu.