Swali Lisiloulizwa na Mkamwana

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, kilima chetu karibu na Ekerenyo kilichunguzwa zaidi kuliko kilivyopaliliwa. Wa kwanza kuja alikuwa Mzungu wa udongo. Alichimba mashimo, akatia udongo kwenye mifuko midogo, akaandika nambari juu yake na kuondoka nayo, eti ijulikane majani chai yatastawi wapi. Mama mkwe wangu alimtazama akifunga mifuko yake, akaniuliza, "Kwao hakuna udongo?" Wa pili alikuwa daktari mwanamke kutoka Nairobi. Yeye alitaka kujua watoto wetu wanaugua nini na wangapi wanakufa, ili serikali iamue gari la kliniki lipelekwe wapi. Wa tatu alikuwa kijana wa chuo kikuu, Mkamba mpole, mwanafunzi wa historia, aliyebeba kinasa sauti kizito kama debe la maji.

Wote watatu walihitaji mtu wa kuwatafsiria, maana Kiswahili kwetu kilikuwa cha shuleni na sokoni, si cha nyumbani. Kilimani petu waliokijua vizuri walikuwa wawili, mwalimu na mimi, na mwalimu alikuwa na darasa. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha pili, nimeolewa miaka mitatu, na mgongoni nina binti wa miezi minane. Sitasema uongo, nilivimba kichwa. Wanawake wenzangu walikuwa shambani na majembe, nami nilipita na kalamu sikioni nikiwasalimia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kalamu hiyo ndiyo iliyonitia matatani. Fomu ya daktari ilikuwa na maswali mengi, na mawili kati yake yaliandikwa kama hivi: mkeo amezaa watoto wangapi, na waliokufa ni wangapi. Mwenye kujibu alikuwa mwenye boma. Sasa, sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake. Baba mkwe hampi mkamwana mkono. Haingii katika nyumba ya mwanawe. Na mambo ya kuzaa hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Isitoshe, kwetu baba mkwe si mmoja. Ndugu zake ni wakwe, binamu zake ni wakwe, na rika lake lote ni wakwe. Nilipoliangalia daftari la maboma niliyopewa, karibu nusu ya kilima walikuwa baba zangu wakwe.

Nikajaribu kupitia kwa mama mkwe. Alikuwa akimenya ndizi, na hakuinua macho. "Andika walio hai," akasema. "Waliolala, waache walale."

Basi nikaketi chini ya mti wa mparachichi nikajaza fomu mwenyewe. Boma letu: waliozaliwa saba, waliokufa sufuri. Boma la ndugu wa baba mkwe: sita, sufuri. Nilizishusha zile sufuri mstari kwa mstari kwa mwandiko mzuri, nikajiambia kwamba heshima ni bora kuliko hesabu.

Nami nilijua ni uongo. Wiki chache kabla ya hapo, Mzungu wa udongo alitaka kuchimba shimo nyuma ya nyumba ya wazee, kwenye migomba. Baba mkwe, mtu asiyependa maneno, alisimama mbele ya jembe. "Achimbe pale, na pale, na hata mlangoni akitaka. Hapo hapana." Mzungu akachora msalaba mdogo kwenye ramani yake, akahamia kwingine. Mimi nilitafsiri hapana nikanyamaza. Mume wangu alikuwa ameshaniambia kuna ndugu zake watatu wamelala pale.

Mwisho wa mwezi daktari alituita shuleni, sisi wakalimani na wazee wachache. Alikuwa amechoka lakini mwenye furaha. Alisema kilima chetu kina bahati ya ajabu, watoto wetu hawafi. Ng'ambo ya mto hali ilikuwa mbaya, kwa hiyo gari la kliniki, pamoja na chanjo ya surua, lingepelekwa huko. Sisi tungesubiri miaka mingine. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mkalimani wa ng'ambo alikuwa msichana kutoka Mosocho aliyekuja kuishi kwa dada yake. Hakuwa mkamwana wa mtu yeyote pale, na alikuwa ameuliza kila swali kama lilivyoandikwa.

Nilirudi nyumbani miguu ikiwa mizito. Binti yangu alikuwa akikohoa kidogo mgongoni, kikohozi cha kawaida tu, lakini kila alipokohoa niliziona zile sufuri. Nilimwambia mama mkwe kila kitu nikilia, kwamba kliniki imekwenda ng'ambo kwa sababu yangu, na kwamba surua ikija itamkuta mjukuu wake hapa hapa. Aliendelea kupepeta wimbi. Mlango ulikuwa wazi, na baba mkwe alikuwa nje akinoa panga.

Siku ya pili yake kijana wa historia alikuja mbio. Baba mkwe, ambaye alikuwa amemfukuza mara mbili akisema hana habari za kumpa mgeni, alikuwa amemtumia salamu aje na mashine yake. Tukaketi uani, kinasa sauti juu ya kiti katikati. Mimi niliketi kando, nikiwa nimegeuza uso kidogo kama inavyotakiwa.

"Muulize hii nyumba ya mabati aliijenga mwaka gani," kijana akasema.

Nikamuuliza. Mzee hakunitazama. Aliitazama ile tepu ikizunguka.

"Miaka yenu ya karatasi mimi siijui," akasema. "Mimi nahesabu kwa watoto wangu. Nzige walikuja wakati kifungua mimba wangu anajifunza kutembea. Walikula wimbi lote, njaa ikaingia, na homa ikamkuta hana nguvu. Nilimlaza pale." Akaonyesha migomba kwa kidevu. "Mabati ni mwaka wa surua. Nilikuwa juu ya paa napigilia misumari, nikaitwa nishuke. Nikashuka, nikamzika mmoja. Siku ya nne nikapanda tena kumalizia. Nikaitwa tena."

Tepu ikaendelea kuzunguka. Kisha akaanza kulitaja boma la ndugu yake, na la binamu yake, na la jirani wa chini mtoni, kila boma na waliolala wake, jina kwa jina, na kilichowachukua. Aliiambia mashine. Mimi niliiambia ardhi kwa Kiswahili. Machozi yakadondoka kwenye leso bila mimi kuyafuta.

"Pole, dada," kijana akasema. Kisha akaendelea, maana kila mtu na kazi yake: "Hebu muulize, hao nzige walikaa siku ngapi?"

Asubuhi iliyofuata nikapiga moyo konde nikaenda shuleni kwa daktari.

"Daktari, zile fomu nilikudanganya."

"Fomu gani?"

"Za upande wa mume wangu."

"Ni ngapi?"

"Karibu zote."

Alivua miwani. Nilimweleza habari za chinsoni, huku nikingoja kufukuzwa, na kwa kweli nilikuwa nimekwisha kujifukuza mwenyewe njiani. Halafu akajipiga paji la uso.

"Hata kwetu mkwe haulizwi hivyo," akasema. "Nimesoma miaka yote hii, halafu nikamtuma mkamwana akawahoji wakwe! Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa mfichaji nilikuwa mimi. Nilikuziba mdomo, kisha nikakuuliza."

Nikaketi kwenye dawati la watoto wa darasa la kwanza bila kukaribishwa, magoti yakanifika kidevuni, na sote wawili tukacheka.

Tulibadilishana. Msichana wa Mosocho alikuja kilimani petu na fomu mpya, mimi nikavuka mto kumalizia maboma yake yaliyosalia, ambako sikuwa na mkwe hata mmoja na niliuliza mambo ya kuzaa mpaka wazee wakaniona sina adabu. Nilipita kila boma nikiwa mwepesi. Hesabu zilipojumlishwa upya, ikaonekana mto ule haukutenganisha chochote. Daktari akaamua gari lisimame darajani, pande zote mbili zifike kwa miguu.

Siku ya kwanza ya gari hilo nilifika kabla halijafika. Binti yangu alidungwa sindano, akapiga yowe lililosikika sokoni. Mimi nilitabasamu kama mjinga. Nesi alinikazia macho akidhani sina huruma.

Mchana mama mkwe alikuja kwangu, akaingia, akasimama karibu na ukuta wa nje, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kusimama. Ukuta wetu ulikuwa wa udongo, usiozuia sauti.

"Babako anauliza kama mtoto amechanjwa," akasema.

"Mwambie amechanjwa."

Nikasikia mtu akisafisha koo upande wa pili wa ukuta.

"Anauliza kama amelia."

"Amelia sana, mama. Mpaka sasa analia."

Nikamsikia baba mkwe mwenyewe, nje, sauti yake nzito ikisema kana kwamba inasema na migomba, "Vizuri. Mwache alie."