Kijiko cha Kwanza

Sokoni walimwita Bi Majani, naye aliitika. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilibaki sandukuni.

Mchicha wake ulikuwa mpana kama kiganja cha mwashi. Ulisimama juu ya meza hadi adhuhuri, ilhali ule wa wenzake umeshalala kama mgonjwa.

"Chema chajiuza," alisema huku akiunyunyizia maji.

"Chajiuza wapi?" alidakia jirani yake wa meza, muuza vitunguu, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wafu. "Tangu asubuhi unakipigia debe. Hebu nyamaza kidogo tukione kikijiuza!"

Wakacheka, na wateja wakacheka nao.

Lakini wateja hawakumfuata kwa upana wa majani peke yake. Walimfuata kwa mwiko wake. Bi Majani hakuuza mboga ya tuta ambalo nyumba yake haijala. Tuta likikomaa, mavuno ya kwanza yaliingia chunguni kwake, na kijiko cha kwanza kiliingia kinywani mwa aliye mdogo kuliko wote. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: ukimlisha mtu usichomlisha mwanao, umemtegea mtego. Mtoto akila, akalala, akaamka, ndipo mboga ilipokwenda sokoni.

Aliye mdogo kuliko wote sasa alikuwa mjukuu wake wa kike, kitoto chembamba chenye mbio, ambacho nyumba nzima ilikiita Karanga.

Shamba lilikuwa bondeni, chini ya kilima ambacho zamani jeshi lilifanyia mazoezi ya shabaha. Wanajeshi walihama kabla Karanga hajazaliwa. Kabla ya kuondoka walichimba shimo huko juu, wakateketeza mabomu na risasi zilizochakaa. Kibao cha kukataza watu kilianguka, mtu akakiokota akaezekea banda la kuku. Tangu hapo kila mvua iliposhuka ilishuka na udongo wa kilimani, mweusi, laini, na wakulima wa bondeni walishukuru. Marehemu mume wa Bi Majani alikuwa akiokota maganda ya risasi yaliyotapakaa kule, akayachomeka kuzunguka matuta ili udongo usimomonyoke. Jua likichomoza yalimetameta. "Shamba langu limevaa shanga," alipenda kusema. Karanga naye alikuwa na ganda lake, alilolipuliza likalia kama ndege. Akimtaka bibi yake, alipuliza.

Likaanza tumbo. Mtoto alijikunja, akalia, akanyamaza, akajikunja tena. Kisha weupe ukaingia kwenye viganja na midomo. Bi Majani akaona ni upungufu wa damu, na kwa upungufu wa damu alijua dawa moja tu. Akaongeza mchicha. Mchuzi wake akauchuja, akampa mtoto kwa kikombe, huku akimwimbia.

"Mama," mkwe wake alimwambia siku moja wakiwa jikoni, "Karanga hasemi tena 'maji'."

"Watoto wana misimu yao, mwanangu. Mume wako naye alichelewa kusema."

"Huyu hakuchelewa. Alikuwa anasema. 'Maji', 'bibi', 'sitaki'. Sasa ananyoosha kidole." Mkwe aliweka sufuria chini taratibu. "Kuchelewa si kurudi nyuma, Mama."

Akambeba mtoto, akaenda naye hospitali. Walipomtoa damu wakakuta ndani yake madini ya risasi, mengi kuliko mwili mdogo unavyoweza kuyastahimili. Daktari akauliza wanaishi wapi, wanakunywa maji gani, wanakula nini. Aliposikia habari za kilima, akamtuma mpima udongo.

Alikuja kijana mmoja mwenye viatu vya mpira na bomba la chuma la kuchomeka ardhini. Akachukua udongo hapa na pale, akang'oa na miche michache.

"Unaniibia udongo, bwana mdogo?"

"Naazima tu, Mama."

"Utaurudisha?"

"Hapana."

"Basi huo ni wizi wenye heshima."

Kijana alicheka. Kisha akayaona maganda yaliyozunguka matuta, akachuchumaa, akaligusa moja kwa ncha ya kalamu yake. Hakucheka tena.

Aliporudi na majibu hakutaka kiti. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaongea polepole kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Udongo ulikuwa na madini ya risasi na shaba. Ulikuwa pia na masalia ya baruti, kutoka kwenye lile shimo la kuteketezea. Mboga ilikuwa inavinywa vyote.

"Nitaiosha kwa maji ya chumvi," alisema Bi Majani.

"Maji yanatoa vumbi la juu. Kilichopanda na mizizi kiko ndani ya jani."

"Mbona basi inastawi hivi? Kitu chenye sumu kinastawi?"

"Hiki kinastawi, Mama. Jani halionyeshi." Akakunja karatasi ya majibu. "Katika wote wanaokula mboga hii, nani anakula mara nyingi zaidi?"

Bi Majani aliwapitia mmoja mmoja kichwani. Wateja walinunua leo, kesho wakala maharage. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekula kwanza kutoka kila tuta, bila kuruka hata moja, na juu yake akanywa mchuzi. Aliketi chini palepale, katikati ya shanga za marehemu.

Jioni ile muuza vitunguu akamjia. Naye alilima bondeni, matuta mawili kutoka kwake.

"Dada, meza yako ikiwa tupu, sema magoti yanauma. Sema umechoka. Nani atauliza? Ukisema udongo, umetuua sote."

"Wajukuu zako wanakula nini?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nakuuliza tu. Wanakula nini?"

Muuza vitunguu alijifunika uso kwa mtandio.

Bi Majani akang'oa mboga yote. Akataka kuwapa mbuzi, akakumbuka mbuzi wana maziwa. Akataka kuchoma, lakini mpima udongo alikuwa amemkanya juu ya moshi. Kuifukia kungekuwa kuirudisha ilikotoka. Akaishindilia maguniani, akayapanga kando ya shamba kungoja watu wa kuyachukua. Yalikaa, yakavuja, yakanuka. Maishani mwake hakuwahi kuwa na mboga isiyo na pa kwenda.

Kisha akaenda sokoni, akakaa nyuma ya meza tupu.

"Leo hamna?"

"Hamna. Na ile uliyokula, nenda hospitali, ukawapimishe watoto."

Wengine walishukuru. Mmoja alitema mate chini. Mama mwenye mtoto mgongoni alimkazia macho. "Si ulisema nyumba yako inakula kwanza?"

"Ilikula," alijibu Bi Majani.

Daktari alisema mtoto atolewe bondeni, apewe dawa, ale vizuri, arudi kupimwa. Kuhusu yale maneno yaliyompotea mtoto hakuahidi kitu. Mkwe aliamua kumpeleka kwao, mbali na kilima. Alifunga nguo, akalitafuta lile ganda la kupulizia, akalitupa chooni. Mtoto alizunguka nyumba akilitafuta, akiinua mikeka, asiweze kusema anatafuta nini.

Kabla hawajaondoka, mkwe alipika mboga iliyonunuliwa mji mwingine. Akapakua bakuli, akaliweka mapajani mwa Bi Majani, na kijiko.

"Mlishe wewe, mwanangu," alisema bibi. "Mimi mkono huu siuamini tena."

"Anakungoja wewe, Mama."

Bi Majani akachota. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akakipeleka kinywani mwake mwenyewe kwanza. Akatafuna, akasikiliza ulimi wake. Ilikuwa tamu. Na ile ya bondeni nayo ilikuwa tamu.

Akachota tena, kijiko kikasimama hewani. Mbele yake Karanga alikuwa ameachama zamani, kama kifaranga, macho yamemtulia, hana wasiwasi wowote.