Kipengele cha Kumi na Nne

Ratiba ile niliichapa mimi, kwa hiyo sitamsingizia mtu. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, nembo ya klabu juu, na vipengele kumi na sita. Kipengele cha kwanza: kuwasili kwa wageni waalikwa. Cha pili: kuwasili kwa mgeni rasmi. Cha tatu: wimbo wa taifa, kisha wimbo wa chuo. Somo la mihogo, jambo pekee lililotupeleka kijiji cha Lurujo, karibu na Koboko, siku ile, lilikuwa kipengele cha kumi na nne, saa saba na dakika arobaini, na lilipewa dakika ishirini. Baada yake kulikuwa na neno la shukrani na chakula.

Naitwa Harriet, mtu wa Adumi, na huu ni mwaka wa sita niko katibu wa klabu ya wahitimu wa chuo chetu hapa Arua. Tunafanya mambo mazuri, wala sitaki mtu aseme naichukia klabu. Tunakwenda shule za sekondari kuwaeleza wanafunzi habari za kozi, tunacheza mpira na wenzetu wa Koboko, tunazikana, na mwisho wa mwaka tunakula pamoja hotelini. Lakini tuna ugonjwa mmoja. Hatuwezi kuanza jambo lolote mpaka mgeni rasmi afike, kwa sababu wimbo hauimbwi mara mbili, na bila wimbo hakuna kilichoanza. Nimekaa saa ngapi za maisha yangu chini ya hema nikingojea gari jeupe? Sijui, na nikikumbuka nakasirika.

Mwanachama mwenzetu Poni hakuuzoea ugonjwa huo hata siku moja. Baba yake alikuwa askari, na yeye alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Kongo, wakati serikali ya zamani ilipopinduliwa na familia za askari wake zikakimbilia huko. Waliporudi Lurujo walikuta kiwanja kimeota msitu, na mama yake akaanza na jembe moja. Poni aliingia chuoni akiwa na miaka thelathini na moja na watoto wawili, akakaa dawati la mbele na vijana waliomwita mama, akamaliza kozi ya kilimo akiwa wa tatu darasani. Wenzake walitafuta ofisi. Yeye alirudi Lurujo kulima.

Kwenye mikutano yetu kuna desturi: kila mtu husimama, akataja jina lake na kazi yake kabla ya kusema lolote. Utasikia afisa wa hiki, mratibu wa kile, mshauri wa sijui nini. Poni alikuwa anasimama, anasema, "Poni, mkulima," anakaa. Mwenyekiti wetu, Bwana Acidri, anayefanya kazi katika ofisi moja mjini na ambaye hutamwona bila tai, alimshauri siku moja aseme mtaalamu wa kilimo, kwamba inasikika vizuri zaidi. Poni alimuuliza inasikika vizuri zaidi kwa nani. Tulicheka, Acidri naye akacheka kidogo, lakini nadhani hakulisahau lile swali.

Sasa nieleze kosa la Poni, maana bila hilo hutaelewa kwa nini alifanya alichofanya. Miaka miwili iliyopita shamba la Poni lilipendeza kuliko mashamba yote ya Lurujo. Mihogo ilikuwa imesimama, kijani kibichi, majani mapana. Majirani wakaja kuomba vijiti vya kupandia, naye akawagawia nyumba arobaini, bure, kwa furaha ya mtu aliyesoma na sasa anawafaa watu wake. Aliangalia majani. Hakung'oa hata muhogo mmoja akaupasua. Wakati wa kuvuna watu walikata mihogo na kukuta ndani imeoza, madoa ya kahawia makavu kutoka huku hadi huku. Ulikuwa ugonjwa wa michirizi, ule ambao mmea unaweza kunawiri juu huku chini umekwisha, na unasafiri ndani ya vijiti vyenyewe. Nyumba arobaini zilikosa enyasa, ule ugali wetu mweusi wa muhogo na mtama, kwa miezi. Hakuna aliyemlaumu Poni mbele ya uso wake. Salamu zilipungua tu, na kisimani wanawake wakawa wananyamaza anapofika.

Ndiyo maana alikuja kwenye kamati akiomba klabu imsaidie kuitisha siku ya mafunzo kabla ya mvua ya kupanda. Alichotaka ni kitu kidogo: kivuli, visu vichache, na watu wa klabu wanne watano wa kumsaidia kukagua. Aliwaambia wanawake wa Lurujo kila mmoja aje na mzigo wa vijiti anavyotaka kupanda, pamoja na muhogo mmoja kutoka kwenye kila shina alilokata. Bwana Acidri alilipenda wazo lile mno, na hapo ndipo lilipoharibika. Siku ya mafunzo ikapata hema mbili, kipaza sauti, viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na utepe wa samawati, na mgeni rasmi, mkurugenzi fulani kutoka Kampala ambaye ni mhitimu wetu. Nami nikakaa nikachapa.

Mvua ilinyesha Jumatano na Alhamisi. Jumamosi, saa mbili asubuhi, wanawake thelathini na wanane walikuwa wamekwisha kufika shambani kwa Poni na mizigo yao. Sisi wa Arua tulifika saa tatu na nusu. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne. Saa tano tuliambiwa yuko njiani. Saa sita tuliambiwa tena yuko njiani, na nikasikia mwenyewe kwenye simu sauti za vijiko na sahani. Wanawake walikuwa juani, maana hema zilikuwa za wageni waalikwa. Ardhi ilikuwa laini, ya kupanda, na kila mmoja alikuwa anaiangalia na kuangalia kivuli chake. Mmoja akafunga mzigo wake na kuuweka kichwani. Kisha wa pili. Kama wangeondoka, vijiti vile vingekuwa ardhini kabla ya jioni, vizima na vigonjwa pamoja, na mwaka mwingine wa enyasa ungekuwa umekwenda.

Poni alimfuata Acidri na kumwomba aanze. Acidri alimwambia kuwe na subira, kuna utaratibu. Akamwomba mara ya pili, kwa upole, nilikuwepo. Acidri akasema mgeni hawezi kukuta shughuli imeanza, itakuwa aibu kwa klabu nzima. Poni akanigeukia akaniomba ratiba. Akaisoma mpaka alipofika kumi na nne, akanitazama. Aliikunja, akaitia mfukoni, akatoka chini ya hema.

Aliwazuia wale waliokwisha kujitwika mizigo, akasimama katikati yao bila kipaza sauti. Nilidhani ataanza na ugonjwa, dalili zake na jinsi unavyoenea. Hakuanza na hilo. Alimtafuta Mama Zam kwa macho. Mama Zam ni mjane wa askari, Mwislamu, mzee kuliko wote waliokuja, na ndiye aliyepoteza shamba zima mwaka ule.

"Mama Zam, na nyinyi wote," Poni alisema. "Mwaka ile nilipatia nyinyi vijiti ya shamba yangu. Niliangalia majani tu, hapana pasua muhogo. Mimi ndiyo nilileta ugonjwa kwa nyumba yenu. Nilisoma, na bado nilikosea. Naomba msamaha."

Mimi chini ya hema nilihisi uso wangu umepata moto, maana katika miaka sita ya mikutano yetu sijawahi kumsikia mhitimu akisema maneno hayo mbele ya mtu asiyekuwa na shahada. Mama Zam alishusha mzigo wake chini taratibu.

"Sisi tulisha jua," alisema. "Tulikuwa nangojea wewe useme."

Kisha Mama Zam aliingia hemani, akapita mbele yetu sote, akachukua kiti cha katikati, chenye utepe mkubwa kuliko vingine, akakibeba mpaka shambani. Mgongo ulikuwa unamsumbua tangu asubuhi. Wengine walipoona hivyo wakaja nao, kila mmoja na kiti chake. Hakuna aliyewazuia.

Somo lenyewe halikuwa na maneno mengi. Poni alitandika ratiba yangu chini, akaweka muhogo juu yake, akaukata vipande vipande. Ndani ulikuwa mweupe safi. Akakata mwingine, ukatoka na madoa. Akawaonyesha kijiti cha muhogo huo, mistari ya kahawia kwenye ganda laini, karibu huwezi kuiona. Halafu akawapa visu. Kila mwanamke alipasua mihogo yake mwenyewe mbele ya wenzake, na kama imeoza, mzigo wake ulikwenda upande wa kuchomwa. Wengine walitukana, wakitukana muhogo, si mtu. Mizigo ishirini na miwili ilikuwa na ugonjwa. Wale kumi na sita waliobaki walianza kugawa vijiti vyao vizima, hiki chako, hiki changu, wakipigiana kelele kuhusu nani alimpa nani nini mwaka gani.

Mimi nilikuwa bado nimekaa hemani. Niseme ukweli, nilikuwa nalinda chupa za maji ya wageni waalikwa. Miguu ilitaka kwenda, lakini mtu akishakuwa katibu miaka sita, matako yake huota mizizi kwenye kiti.

Gari jeupe lilifika saa saba na nusu. Mkurugenzi alishuka, akaangalia hema zilizobaki na viti viwili vitatu, akauliza kwa heshima kabisa akae wapi. Acidri alimwongoza mbio mpaka shambani, akamwambia Poni asimamishe shughuli ili tuimbe. Kiti cha mgeni rasmi kilikuwa na Mama Zam, kisu mkononi, maganda mapajani. Mama Zam hakunyanyuka. Nadhani hata hakujua kwamba kile ni kiti cha mtu fulani.

Poni alijipangusa mikono. "Karibu sana, mzee," alimwambia mgeni. "Sisi tulisha anza. Kisu iko pale."

Mkurugenzi alicheka, tena kicheko cha kweli. Alisimama nao nusu saa, akakata mihogo miwili vibaya, akapigwa picha, akaondoka bila kungoja chakula. Hakukasirika. Katika miaka yangu nimegundua kwamba wakubwa wengi hawahitaji nusu ya heshima tunazowavisha. Aliyekasirika alikuwa Acidri, na hasira yake ilirudi naye mpaka Arua, kilomita hamsini na kitu, bila kupoa.

Wiki iliyofuata kamati ilimwita Poni hotelini, kwenye chumba chetu cha siku zote. Alikuja na basi la asubuhi kutoka Koboko, viatu vyake vina udongo mwekundu pembeni. Shtaka lilisomwa: kuidharau klabu, kumdhalilisha mgeni, kuharibu ratiba. Hukumu ilikuwa imeandaliwa tayari. Aandike barua ya kuomba msamaha ndani ya siku saba, la sivyo jina lake lifutwe kwenye orodha ya wanachama. Watu wanane tulikuwa mezani, wote tulikuwepo Lurujo, wote tulikuwa tumeiona mizigo ishirini na miwili ikiwaka. Hakuna aliyenyanyua macho. Acidri akamwambia Poni anaweza kusema.

Alisimama, kwa desturi. "Poni, mkulima," alisema. "Bwana mwenyekiti, msamaha mimi nilisha omba. Niliomba Lurujo, mbele ya watu nilikosea. Ingine hapana iko."

Akakaa. Acidri alinigeukia akaniagiza niandike kwamba mwanachama amekataa kuomba msamaha, na kwamba nichape barua ya kumfuta, ili yeye mwenyekiti aisaini leo hii. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kuniagiza chai.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilikumbuka macho ya Poni siku ile alipofika kumi na nne, na nikakumbuka nilivyokaa na chupa zangu za maji. Hasira ilinipanda, na nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikasimama. Katibu hasimami kwenye kikao, huandika tu, kwa hiyo wote wakanitazama.

"Harriet, katibu," nilisema, maana desturi ni desturi. "Dada Poni, ile ratiba nilichapa mimi. Kumi na nne niliandika mimi. Naomba msamaha."

Poni alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Acidri akauliza kama nimesikia alichoniagiza. Nikamwambia nimesikia vizuri. Nikafunga daftari, nikalisukuma katikati ya meza pamoja na kalamu.

Hiyo ilikuwa Machi. Barua ile mpaka leo haijachapwa, na jina la Poni liko pale pale kwenye orodha, chini ya herufi yake. Acidri hunikumbusha kila kikao. Mimi humwambia kompyuta iko pale.