Kijiko cha Umeme na Salamu za Mama Mkwe

Mwaka 2014 pale Kasulu nilikuwa dereva wa trekta lenye kijiko mbele, cha kuzolea mchanga na samadi. Leva zake zilikuwa za chuma na springi zilishakufa: ukiiachia leva inabaki palepale, kijiko kinaendelea kupanda. Kwa hiyo mkono haubanduki. Na huku Buha, kwetu Waha, mkubwa husalimiwa kwa mikono miwili, makofi ya taratibu, mpaka salamu iishe. Mimi niliwaitikia wazee kwa kidevu, nikaitwa jeuri. Aliyepiga kelele kuliko wote ni mama wa binti niliyetaka kumposa. Baba alishakubali, mama akasema hatoi mtoto kwa mtu anayesalimia kwa kidevu.

Mungu si Athumani, tajiri wangu, mwenye trekta, akaleta jipya. Hili lilikuwa na kijiti cha umeme, kifupi kama kidole gumba. Ukikiachia kinarudi katikati chenyewe, na kijiko kinasimama. Nusura nikibusu.

Mwenzangu aliyerithi lile la zamani akanuna. “Chuma kikitaka kuharibika kinalia kwanza,” akasema. “Umeme hauagi, bwana.”

Nikamwambia wivu hauna dawa. Nikasalimia kila mtu; mbuzi tu ndio waliokosa makofi yangu.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, tulikuwa shambani Titye. Kijiko changu kilikuwa juu, kimejaa samadi mbichi, kimeelekea njiani, ndiyo kwanza naanza kukiinamisha nimwage. Nani anatokea? Yule mama, na kapu la maharage kichwani. Nikaachia kijiti. Naye akatua kapu chini, maana salamu inadai mikono yake pia.

“Mwakeye, mama,” nikaanza, makofi pwa, pwa.

Kumbe maji yameingia kwenye nyaya. Kijiti kilirudi katikati, kijiko hakikupata habari. Kikazidi kuinama, polepole, juu ya kapu. Niliona! Lakini salamu haikatwi katikati, tena kwa mtu anayekutafutia sababu. Nikaendelea kupiga makofi huku jasho likinitoka, nikaulizia watoto, nikaulizia ng'ombe, samadi yote ikaishia kwenye maharage. Ndipo nikazima injini.

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani kulia, mke nimeshamkosa.

Mama akalitazama kapu, akanitazama mimi.

“Mashine ndiyo haina adabu,” akasema. “Mikono ya huyu nimeiona yote miwili. Haikushika kitu.”

Nikapewa binti. Ila siku ya kupeleka posa niliagizwa nije kwa miguu.