Mbuzi wa Kumfungua Mama Kinywa

Mama alipohamia kwetu Kitaji kutoka Nyamuswa alileta mkoba mmoja, rozari, na miiko yake yote. Mwiko mkubwa ulikuwa mume wangu. Kwa mila yetu mama mkwe hali mbele ya mkwewe, wala hagusi kitoweo ndani ya nyumba yake, mpaka mkwe amletee mbuzi wa kumfungua kinywa. Mume wangu ni mtoto wa mjini. Habari za mila huzisikia kama habari za hali ya hewa ya nchi nyingine.

Basi mama akaweka makao jikoni. Nikimpelekea nyama, "Nimeshiba." Nikimpelekea samaki, sato, "Mpe mkwe." Akawa mtu wa uji, chai ya rangi na mchicha, na kwa kuwa sufuria ya uji ilirudi tupu kila siku, sisi tukaona mambo safi. Mwaka ukapita, wa pili ukafuata.

Kisha akaanza kutia sukari kwenye maharage. Tulicheka, tukala. Akalalamika ganzi miguuni, tukanunua soksi. Ila asubuhi moja nilipomwamkia, alinitazama kwa upole kama anavyotazamwa mgeni.

"Nawe binti, kwenu wapi?"

Hapo sikucheka. Mimi nilizaliwa njiani, Mugeta, mama akienda harusini, na kisa hicho alikuwa akiwasimulia wageni kabla hata hawajapewa viti. Kama kimempotea hicho, mimi nimebaki mtoto wa nani? Niliogopa sana.

Nikampigia simu kaka yangu wa Butiama. "Uzee huo, mwache," akasema. Kaka yangu ana dawa moja ya magonjwa yote: kuacha. Nikakata simu kwa hasira, mimi na mume wangu tukampeleka mama hospitali.

Damu ikapimwa. Daktari akasema vitamini B12 imeshuka mno, na bila hiyo ubongo na mishipa ya fahamu haifanyi kazi vizuri. Iko kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Kwenye mchicha haimo, hata ule debe. Tena tumbo la mzee mara nyingi huwa vivu kuifyonza, kwa hiyo angeanza na sindano.

"Si kila usahaulifu unatibika," akanionya. "Huu tujaribu." Akamgeukia mama. "Bibi, nyama unakulaga?"

Mama akanyoosha shingo. "Ntakulaje nyama kwa mkwe ambaye hajanifungua? Mimi nililelewaga na adabu."

Mume wangu alikuwa amesimama dirishani, ametugeuzia mgongo kwa heshima. Daktari, naye mtu wa Bunda kama mama, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Kaka, sindano nitatoa mimi," akauambia ule mgongo. "Mbuzi ni wako."

Jumamosi mume wangu akaenda mnadani Bunda, akarudi na beberu aliyekuwa na kelele kuliko bodaboda iliyomleta. Mama akamfungua mdomo, akakagua meno. Mume wangu yuko hatua mbili tu, lakini maneno yakapitia kwangu: "Mwambie mkwe huyu mbuzi wake ni mzee kunizidi. Lakini nimepokea."

Mchana huo alikula maini, ameelekea ukutani. Akaomba mengine.

Sindano zikaendelea. Sukari ikarudi kwenye chai. Ganzi ilipungua polepole, haijaisha, na miwani bado anaitafuta akiwa ameivaa. Kisa cha Mugeta hakukitaja, nami sikuthubutu kumuuliza.

Siku moja akaja mgeni, mwanakwaya mwenzangu. Tukiwa bado mlangoni aliniuliza kwetu ni wapi hasa, nikajibu kwamba nilizaliwa njiani, Mugeta, nyumbani kwa mama mmoja muuza ndizi. Sauti ikafoka kutoka jikoni.

"Mwongo huyo! Ndizi zimetoka wapi? Wewe ulizaliwaga kwenye kibanda cha muuza chumvi, mvua inanyesha, na ulitokaga unapiga kelele hivyo hivyo! Mgeni, usimsikilize. Yeye alijuaje? Mimi ndiye nilikuwaga pale!"

Kweli, ilikuwa chumvi. Nikakaa kwenye kiti nilichomwekea mgeni, nikalia kwa furaha, na mama akaja na mwiko wake mkononi kusimulia upya, tangu mwanzo, mgeni akiwa bado amesimama.